Fremu ya Mjomba Chengfa

Kwetu hakuna haja ya saa ya kengele. Karakana ya mabati ya Mjomba Chengfa iko chini, sisi tunakaa juu yake, na ikifika saa moja kasorobo asubuhi mashine ya kukunja bati huanza kupiga, paa, paa, paa, mpaka vikombe vinacheza kabatini. Mimi hunywa maziwa yangu ya soya, hubeba chapati ya mayai iliyofungwa kwenye karatasi, kisha hushuka ngazi. Chini humkuta Mama amekwisha kuvaa glavu. Mama ameiendesha mashine hiyo kwa miaka tisa. Hawezi kuniaga kwa mdomo kwa sababu ya makelele, kwa hiyo huniinulia kidevu, nami humwinulia changu, nakwenda zangu shule.

Jumatatu ninayotaka kuwasimulia sikwenda mikono mitupu. Nilikuwa nimekumbatia fremu ya alumini ambayo Mjomba aliikunja kwa mikono yake. Ilikuwa na ghorofa mbili. Ubao wa kompyuta, yaani bodi, unalazwa juu, kifaa cha umeme kinakaa chini, na hakuna ukuta wala kifuniko. Anayepima kompyuta kuukuu ishirini kwa siku hawezi kufungua na kufunga sanduku kila mara. Anataka kuona kila kitu wazi, kama samaki juu ya meza ya muuzaji, ili akigundua ubovu aung'oe hapo hapo.

Chama chetu cha kompyuta pale shuleni hufanya kazi hiyo hasa. Tunapokea kompyuta zilizotupwa na maofisi, tunazipima, tunazitengeneza, tunazipeleka shule za milimani. Shule kumi na mbili za mji wetu zina vyama kama chetu, na mwaka huo zote zilitaka kununua fremu za kupimia. Walimu wao wangekutana Jumamosi katika chumba chetu kuchagua kati ya fremu mbili: moja nyeusi ya dukani, na moja ya Mjomba. Kabla ya hapo mtu mmoja alitakiwa azipime zote mbili na kuandika ripoti. Mwalimu Ku, mlezi wa chama, alinichagua mimi kwa sababu nina mkono mtulivu.

"Yiru," aliniambia, "fremu moja ni ya mjomba wako. Utaweza?"

"Nitaweza, Mwalimu," nikajibu haraka haraka. Kusema ni rahisi.

Sikumwambia yaliyosemwa nyumbani Jumapili. Tulikuwa mezani, Mjomba akaweka vijiti vyake chini na kusema kwamba wateja wamekwisha, na kama shule hizi hazitachukua fremu zake, ataiuza ile mashine ya kukunja kabla ya sikukuu ya mwezi mpevu, aende kuendesha lori la rafiki yake. Mama aliniongeza wali kwenye bakuli ingawa nilikuwa nimeshiba. Mashine ikiuzwa, kazi ya Mama imekwenda nayo. Mtu hahitaji kuwa hodari wa hesabu kulijua hilo.

Basi nikaingia katika chumba cha chama nikiwa na fremu mikononi. Mwenzangu Peichi alikuwa amekwisha kufuta meza ya kupimia. Mwisho wa meza hiyo, upande wa kushoto karibu na dirisha, ilisimama pakiti ya kijani.

Kwetu mashine yoyote ya maana ina pakiti yake. Ukienda benki utaiona, ukienda hospitali utaiona juu ya mashine ya kupigia picha za mifupa. Ni vitafunio vya mahindi vyenye ladha ya nazi, ambavyo jina lake ni lile lile neno la kumbembeleza mtoto atulie, nasi huamini mashine nayo itatulia. Lazima pakiti iwe ya kijani, isiwe imefunguliwa, na tarehe yake isiwe imepita. Mwaka uliopita mtu mmoja wa kidato cha tatu aliila ile ya kwetu wakati wa mapumziko, na wiki hiyo hiyo bodi tatu zikaungua. Mwalimu Ku, mtu wa sayansi, alitueleza kwa kirefu kwamba mambo hayo mawili hayana uhusiano. Kisha akanunua pakiti nyingine, akaisimamisha mezani na kuibandika kwa utepe mpana pande zote nne. Tulicheka, lakini hakuna aliyemwomba aitoe.

Mwalimu alitutaka tuchore kwa penseli mahali pa kila fremu, ili zisisogeesogee siku hadi siku. Ya dukani nikaiweka kulia. Ya Mjomba nikaiweka kushoto, kisha nikaisukuma kidogo, na kidogo tena, mpaka ubavu wake ukaigusa pakiti. Moyoni nilisema, acha nayo ipate baraka. Halafu nikachora mstari wa penseli kuizunguka.

Peichi ana macho ya mwewe. "Naona mjomba amepewa kiti cha mbele," akasema.

Nikamwambia akaze skrubu na anyamaze.

Tulikuwa tukipima saa ya usingizi wa mchana. Baada ya chakula shule nzima hulaza vichwa juu ya madawati, kimya mpaka unasikia feni za darini, ila sisi wawili tulikuwa na ruhusa. Tulikuwa na bodi mbili za aina moja, kila moja na prosesa yake, ule ubongo unaopiga hesabu, na feni yake ndogo ya kuipoza, iliyosimama ubavuni. Tuliipa kila kompyuta hesabu nzito ya kuisumbua kwa dakika ishirini, na kila dakika tuliandika joto lake.

Fremu ya dukani ilipanda hadi nyuzi sabini na moja, ikatulia hapo. Ya Mjomba ilifika themanini katika dakika ya tano. Dakika ya nane, themanini na tisa. Dakika ya kumi na moja, tisini na nne, na kioo kikawa cheusi. Kompyuta ilikuwa imejizima yenyewe ili isiungue.

Nilidhani nimekosea. Jumanne tukarudia, ikazima. Jumatano tukarudia, ikazima tena, tisini na nne ile ile. Nikawa naiangalia ile namba kwenye daftari kama barua ya msiba.

"Andika sabini na nne," Peichi akasema huku akijinyoosha. "Nani atajua? Namba ni wino tu."

Alikuwa anatania, na mimi nilicheka. Lakini maneno yale yaliniingia sikioni yakakataa kutoka.

Jioni ile Mama aliniuliza fremu inaendeleaje. Nikamwambia, vizuri. Mjomba alikuwa ameinama akitafuta skrubu iliyoanguka, akasikia. Akainuka, akapandisha miwani yake, akarudi kwenye kazi yake akipiga mbinja. Tangu nizaliwe sikuwahi kumsikia Mjomba akipiga mbinja. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nikapanda juu, nikachukua karatasi safi, nikaandika mistari ishirini kabla wali haujaiva. Nilikuta kwamba kudanganya kwa namba ni kazi nyepesi sana. Hamsini na nane, sitini na mbili, sitini na tano, zikajipanga moja moja kama wanafunzi mstarini. Niliishia sabini na nne. Sikutaka iishinde ya dukani, maana mtu angeshuku. Nilitaka iikaribie tu. Nilijiona mjanja kweli, na naona haya kuandika hivyo leo, lakini ndivyo nilivyojiona.

Alhamisi asubuhi Mwalimu Ku akaisoma ripoti yangu akiwa amesimama. Akasema ni kazi safi. Kisha akafungua kikopo cha wino mwekundu, akakisogeza mbele yangu.

"Piga muhuri wako kila ukurasa," akasema. "Walimu wenzangu watapewa nakala."

Kwetu jambo zito halimalizwi kwa saini. Kila mtu ana muhuri wa jina lake. Wangu Mama aliuchongesha nilipomaliza shule ya msingi, akanipa masharti mawili tu: nisimwazime mtu, na nisiugonge juu ya kitu ambacho sijakisoma. Hiki nilikuwa nimekisoma. Nilikuwa nimekitunga mimi mwenyewe. Nikauchovya muhuri katika wino, nikauinua, na mkono ukagoma kushuka.

"Wino unakauka, Yiru," Mwalimu akasema.

"Mwalimu, hizo namba si za kweli," nikasema. "Nimezitunga jana nyumbani."

Akaniomba za kweli. Nikatoa daftari langu la penseli, akalisoma ukurasa kwa ukurasa, polepole. Nilikuwa nalia kwa sababu ya Mama, kwa sababu ya mashine, na kwa sababu nilikuwa nimesema nitaweza. Nilitamani anigombeze, lakini hakunigombeza.

"Nimesikitika," akasema hatimaye. "Na sikufichi, ungekuwa umegonga huo muhuri, ningesikitika zaidi. Sasa niambie. Fremu hii haina ukuta hata mmoja. Hewa inaingia kutoka kila upande. Inawezaje kuchemka namna hii? Hilo halikukushangaza?"

Halikuwa limenishangaza. Nilikuwa nimeogopa tu, na mtu akiogopa hana nafasi ya kushangaa.

"Ulipata swali zuri kuliko mtu yeyote katika chama hiki, ukalifunika," akasema. "Una leo na kesho. Badilisha kitu kimoja tu kila mara, ukibadilisha viwili hutajua kipi kimesaidia. Na safari hii andika kwa kalamu ya wino."

Nikafuta pua, nikaanza. Mchana ule tuliondoa ile gundi nyeupe inayopitisha joto kati ya prosesa na kipozeo chake, tukapaka mpya. Tisini na nne, giza. Baada ya zamu ya kufagia tukabadilishana feni, ya kulia ikaja kushoto. Tisini na nne, giza. Tukabadilishana bodi zenyewe. Tisini na nne, giza. Peichi alikuwa amejilaza juu ya viti viwili.

"Kubali tu," akasema. "Mjomba wako hakukunja fremu, amekunja jiko."

Nilicheka mpaka machozi yakaanza upya, kisha nikamwambia kesho aje mapema. Akaguna, lakini alikuja.

Ijumaa asubuhi niliandika katika daftari kila nilichokuwa nimebadilisha, nikatafuta kilichobaki. Gundi, feni, bodi, vyote vilikuwa vimepigwa mstari. Kilichobaki ni mahali. Nilijua vizuri kwa nini nilikiacha cha mwisho. Mahali nilipachagua mimi, kwa sababu yangu mwenyewe, na sikutaka kumwondoa Mjomba karibu na ile pakiti.

Nikasaga meno, nikazibadilisha. Fremu nyeusi ya dukani ikaenda kushoto, ndani ya mstari wa penseli, ubavu kwa ubavu na pakiti. Ya Mjomba ikaja kulia. Tukaziwasha zote mbili.

Dakika ya tano ile ya dukani ikafika themanini na mbili. Peichi akaketi wima. Dakika ya kumi ikafika tisini na nne, kioo kikawa cheusi. Ya Mjomba ilikuwa imetulia kwenye nyuzi sitini na tisa kama haihusiki.

"Joto haliko kwenye fremu," nikasema polepole. "Liko kwenye meza."

Peichi akaigusa meza. Ilikuwa baridi. Tukaangalia jua dirishani, lakini pazia lilikuwa limefungwa wiki nzima. Tukaangalia soketi. Mwishowe nikapiga magoti sakafuni, nikashusha jicho mpaka usawa wa meza, kama Mjomba anavyofanya akitaka kujua bati limenyooka au limepinda. Kutoka pale nikaona. Tumbo la pakiti, lililojaa hewa, lilikuwa limeziba mdomo wa feni. Hata kidole hakikuweza kupita katikati. Ile feni ilikuwa inavuta pumzi kupitia mto wa kulalia. Siku nne nilikuwa nikiitazama pakiti ile na sikuiona, kwa sababu kwangu haikuwa kitu cha kuzuia hewa. Ilikuwa ni baraka.

Hakuna kati yetu aliyethubutu kuugusa utepe. Tukamwita Mwalimu Ku. Akaja, akainama, akatazama muda mrefu, akakohoa. Masikio yake yakawa mekundu. Ni yeye aliyeibandika. Akaubandua utepe taratibu kwa mikono miwili, akaipeleka pakiti juu ya kabati.

"Kutoka huko itatuona vizuri zaidi," akasema bila kututazama.

Nikamweleza yote. Nikamwambia kwamba fremu ya Mjomba niliisukuma pale kwa makusudi, ipate bahati kuliko mwenzake.

"Kumbe upendeleo wako ndio uliomziba pua," akasema, na hapo ndipo alipocheka.

Tukazipima zote mbili upya, kulia na kushoto. Ya dukani ilitoa sabini na moja pande zote. Ya Mjomba sitini na tisa pande zote. Nikaandika kwa wino. Namba niliyomtungia Mjomba ilikuwa mbaya kuliko namba yake mwenyewe. Nilikuwa nimemwibia nyuzi tano nikidhani namsaidia.

Peichi alikuwa anakusanya vitu vyake kwenda nyumbani, lakini ripoti ilikuwa na kipimo kimoja zaidi. Ni lazima fremu ibebe kadi kubwa ya picha, ile ya kuchomekwa kwenye bodi, nzito kama tofali dogo, kwa nusu saa bila kuyumba. Ya dukani iliibeba. Ya Mjomba iliibeba dakika kumi na tano, kisha nguzo ya nyuma ikaanza kupinda na kadi ikainama. Peichi alipoidaka, ukingo wa alumini ukamkata kidole.

"Usiandike," akasema akinyonya damu. "Yiru, tumeshinda. Acha."

Sitaki kusema uongo tena, hata huu mdogo: nilitamani sana kuacha. Kisha nikaandika kwamba nguzo ya nyuma ni nyembamba na hupinda kwa kadi nzito, na ukingo wa kushoto unakata mkono. Nikaugonga muhuri wangu chini ya maneno hayo, na safari hii mkono haukugoma.

Jambo gumu zaidi lilikuwa nyumbani. Nilimkuta Mjomba anafagia vipande vya bati kabla ya chakula cha jioni. Nikamwambia kila kitu nikiwa nimesimama: kwamba nilipomjibu Mama "vizuri" sikuwa nasema kweli, kwamba nilitunga namba, kwamba pakiti iliziba feni, kwamba nyuzi ni sitini na tisa. Hapo akatabasamu. Nikamalizia na ile nguzo.

Tabasamu likaondoka. "Nguzo nyembamba?" akasema. "Mimi nakunja bati miaka ishirini na sita. Wewe umezaliwa lini?"

"Imepinda, Mjomba. Dakika ya kumi na tano."

"Na hilo umeliandika? Walisome watu?"

"Nimeliandika."

Akaliacha fagio pale pale, akaingia nyuma ya karakana. Mimi nikapanda ngazi. Mama, aliyekuwa amesikia yote kutoka mlangoni, alinitazama, nikajua sasa yanakuja.

"Umekula?" akaniuliza.

Alikuwa ananipakulia wali wakati keekee ya kutobolea bati ilipoanza kulia kule chini. Tukasikiliza. Ikalia tena. Mama akaweka mwiko, akachukua glavu zake msumarini, akashuka. Nilikula peke yangu nikisikia keekee, kisha tupa ikikwaruza kwenye alumini, kisha sauti ya Mjomba ikimfokea mtu ambaye hakuwepo. Alikuwa anaifokea nguzo. Asubuhi nilikuta fremu imesimama mlangoni na nguzo nene mpya, na ukingo wa kushoto laini ukiupitishia kidole.

Mwalimu Ku alikataa kuufuta ule mstari wa ripoti. Alisema kasoro iliyorekebishwa haigeuki kuwa haikuwepo. Tuliongeza mstari mwingine chini yake kwamba nguzo imebadilishwa na imepimwa upya Jumamosi asubuhi, nusu saa, bila kuyumba.

Walimu kumi na wawili walikaa kuizunguka meza ile. Mmoja wao, Mwalimu Fang wa shule ya ng'ambo ya mto, mama mwenye nywele fupi na mikono iliyokunjwa kifuani, aliisoma ripoti na kuiweka chini.

"Mpwa anampima mjomba," akasema. "Msinikasirikie, mimi naamini macho yangu. Rudieni hapa hapa, tuone."

Niliiweka fremu ya Mjomba kushoto, mahali pale pale, nikaiwasha. Dakika ishirini ni ndefu mno watu kumi na wawili wakikutazama mgongoni. Dakika ya kumi na moja ikafika, ikapita. Dakika ya ishirini Mwalimu Fang akainama, akasoma mwenyewe kwa sauti: sitini na tisa. Halafu akaweka ile kadi nzito na kuivuta nguzo kwa mkono, kwa nguvu hasa. Haikutikisika. Akamgeukia Mjomba, aliyekuwa amesimama mlangoni katika shati lake la harusi, akamuuliza kama ni kweli hii nguzo ilikuwa na ubovu.

"Ilikuwa kweli mpaka jana jioni," Mjomba akajibu, na watu wakacheka.

Shule tisa zilichagua fremu ya Mjomba, Mwalimu Fang akiwa wa kwanza kuinua mkono. Tatu zilichukua ile nyeusi, walisema rangi yake haionyeshi uchafu, na hilo pia ni kweli. Tisa zilitosha. Mama alipopigiwa simu aliuliza mara mbili idadi yake, kisha akasema anakwenda kuipaka mashine mafuta.

Baadaye nilimsaidia Mjomba kuifunga fremu kwenye pikipiki yake. Nilikuwa bado sijamwomba radhi vizuri, nikamwomba. Aliendelea kukaza kamba.

"Ile sabini na nne yako," akasema. "Tuseme umeigonga muhuri, na mwalimu wako ameiamini. Leo ingekuwaje?"

Nikawaza. Pakiti ingekuwa bado imebandikwa mezani. Mwalimu Fang angesema rudieni. Fremu ingezima katika dakika ya kumi na moja mbele ya watu wote, na Mjomba akiwa mlangoni na shati lake la harusi. Nikamwambia hivyo.

"Mimi ningekuwa nimekushukuru wiki nzima," akasema. "Ningekununulia zawadi. Na ningeiuza mashine ya mama yako huku bado nakushukuru." Akaijaribu kamba kwa mkono. "Jana ulinikasirisha, Yiru. Lakini ile nguzo ningeijuaje? Anayekuficha ubovu wako kwa sababu anakupenda, amekunyang'anya nafasi ya kuutengeneza. Siku ukinipenda, niletee namba ya kweli, hata kama inauma. Nitafoka. Mimi hufoka. Wewe niletee tu."

Nikapanda nyuma yake, nikaikumbatia fremu isigonge. Njia nzima nilikuwa nikijaribu kukumbuka kama nina namba nyingine za kutunga nilizoacha mahali. Nikakumbuka mbili, zote za idadi ya kuruka kamba niliyojiandikia bila kuruka. Jumatatu asubuhi, kabla ya darasa la kwanza, nilikwenda kumtafuta mwalimu wa michezo.